Fundi aliyeinyamazisha swichi

Kwa majuma kadhaa nilimsifu fundi huyu kwa kila aliyetaka kunisikiliza, na watu wawili walimwita kwa sababu yangu. Leo nayafuta maneno yale yote, kwa kuwa nilichokuwa nakisifia ni ukimya wa kifaa kilichozibwa mdomo.

Swichi yetu ya usalama, ile inayokata umeme wa nyumba pale unapovuja, ilikuwa imeanza kuruka bila mpangilio. Mara nyingi iliruka pasi inapopata moto au hita ya maji inapowashwa, kwa hiyo lawama zote zikaiangukia pasi. Nikaiweka kabatini, nikanunua nyingine, na jioni ileile tukabaki gizani. Nikajaribu kuzima breka moja baada ya nyingine nikitafuta chumba chenye ubovu, lakini hakuna breka niliyoizima ikaleta nafuu. Hapo ndipo nilipomwita fundi.

Hakukaa hata nusu saa. Hakuchomoa kifaa chochote kwenye soketi wala hakutoa mita mkobani. Alifungua boksi la breka, akazungusha bisibisi yake hapa na pale, na akiwa bado amenipa mgongo akauliza kama kuna kitu kilichopigiliwa ukutani siku za karibuni. Nikajibu kuwa hakuna. Nilipotaka kujua anafanya nini, alisema, "Bosi, unataka umeme au unataka somo?" Kisha akafunga kifuniko, akadai kwamba swichi ilikuwa nyepesi kupita kiasi na sasa ameitengeneza. Nami, kwa aibu ya kuonekana msumbufu, nikacheka, nikamlipa na kumsindikiza hadi mlangoni.

Ni kweli kwamba umeme haukukatika tena. Pasi ya zamani ilirudi kazini, hita ikawashwa tunavyotaka, nami nikawa mpiga debe wake.

Swichi za namna hii huwa na kitufe kidogo chenye herufi T. Ukikibonyeza, mkondo mdogo unaoigiza uvujaji hupitishwa ndani yake, na swichi inapaswa kuruka papo hapo. Siku moja nikiwa nafuta vumbi nilikibonyeza, na hakuna kilichotokea. Nikabonyeza tena kwa kidole gumba, kwa nguvu hadi ukucha ukauma. Taa haikupepesa hata kidogo, na mkono wa swichi ulibaki juu, umenyooka kama askari wa gwaride.

Fundi wa pili, mtu mzima asiye na haraka, alifungua boksi, akaangalia kwa muda, kisha akaniita nisogee. "Mwanangu, hili ni pambo," alisema. Waya wa moto, unaoleta umeme, na wa nyutro, unaourudisha, zilikuwa zimeondolewa kwenye swichi ya usalama, wa moto ukapelekwa moja kwa moja kwenye breka na wa nyutro kwenye kipande zinapokutana nyutro zote. Hakikutengenezwa kitu, mlinzi alifungwa kamba ili asipige kelele. Breka zilizobaki hulinda nyaya dhidi ya mzigo mkubwa na shoti, lakini mkondo wa kumuua mtu ni mdogo mno kuweza kuzishtua. Swichi ya usalama hulinganisha umeme unaotoka na ule unaorudi, na ya kwetu, kama zilivyo nyingi za majumbani, inatakiwa iwe imekata kabla tofauti haijapita miliampea 30.

Alirudisha nyaya mahali pake na kuipima swichi ileile iliyosingiziwa kuwa nyepesi. Iliruka kwenye miliampea 22, yaani ilikuwa nzima kabisa. Ndipo akachomoa kila plagi, akazima umeme wote, akatoa nyaya za nyutro moja moja kwenye kipande zinapokutana, na kupima kwa volti 500 kama kuna yoyote inayovujisha umeme kwenye erthi, yaani waya unaokwenda ardhini. Kipimo chake ni megomu, na namba ikiwa kubwa ndivyo uvujaji unavyokuwa mdogo. Zote zilisoma zaidi ya megomu 200, isipokuwa moja iliyosoma karibu na sifuri, ilhali hata megomu 1 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubalika. Breka zetu hukata waya wa moto peke yake, alinieleza, na ubovu wetu ulikuwa kwenye nyutro, kwa hiyo ningeweza kuzizima hadi asubuhi na bado nisiupate. Pasi haikuwa na kosa lolote, ila mzigo wake mkubwa uliongeza umeme unaorudi, na sehemu ya umeme huo ikawa inapotelea kwenye erthi.

Aliifuata kebo hiyo hadi kwenye rafu ya vitabu na kuchomoa skrubu ya juu. Ncha yake ilikuwa na alama inayong'aa ya shaba. Rafu hiyo niliifunga mimi, kwa mikono yangu, muda mfupi kabla ya masaibu yote kuanza.

Kwa hiyo hukumu yangu inayumba, na sitaki kuificha. Fundi wa kwanza aliuliza swali sahihi kabisa, nami nikamjibu kwa uhakika nisiokuwa nao. Kulikuwa na siku mbili hivi nilipotaka kumpunguzia lawama, nikasema labda naye alichoka, labda wateja kama mimi ndio humfundisha njia za mkato. Lakini kila nikiitazama ile skrubu nakumbuka kwamba ilipita milimita chache tu kando ya waya wa moto. Ingeugusa huo peke yake, vyuma vya rafu ambayo watoto huining'inia vingekuwa na umeme, na swichi ambayo ingewaokoa ilikuwa imeachwa ukutani kama picha. Kushindwa kuupata ubovu ningemsamehe, hata jeuri yake ningeimeza. Kuuficha na kupokea pesa huku anatabasamu, hapana, hilo silisamehi.

Wale wawili niliowapa namba yake nimewaomba wabonyeze kitufe. Wa kwanza amesema yake imeruka mara moja. Wa pili amebonyeza mara tatu, na taa zake bado zinawaka.