Unga wa dona kwa mwenye kisukari: upi ununue na uusonge vipi

Wengi wakiambiwa kliniki waache sembe wale dona, hutoka na imani kwamba dona halina wanga. Linao, tena mwingi. Gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa zina wanga gramu 70 hivi na nyuzinyuzi (makapimlo) gramu 7. Sembe lina wanga gramu 80 hivi na nyuzinyuzi gramu 2. Faida ya dona ni pumba na kiini: unashiba mapema, na tonge halishuki haraka kama la sembe. Ukila mlima wa dona, sukari itapanda vilevile.

Kati ya aina za unga zinazopatikana kirahisi katika miji ya Tanzania, alama za juu tunalipa dona la mashineni. Unaona mahindi yanavyomwagwa na unaondoka na unga wenye harufu ya mahindi. Lina kasoro mbili, zote zinatokana na kile kile kinacholifanya liwe zuri. Kiini kina mafuta, na mafuta huchacha. Kwenye joto la Pwani unga uliokaa mwezi huanza kunuka mafuta ya zamani na ugali unaacha uchungu ulimini. Saga kilo mbili tu kwa wakati, na uache unga upoe kabisa kabla ya kuufunika, la sivyo mvuke utauvundisha. Kasoro ya pili ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, ambayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na moto wa jikoni hauiondoi. Chambua punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi kabla ya kusaga. Mahindi yenye harufu ya ukungu yaache huko huko sokoni.

Dona la pakiti tunalipa alama za wastani. Uzuri wake ni nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na, kwenye baadhi ya pakiti, madini na vitamini vilivyoongezwa. Ubaya ni kwamba mengine yameandikwa dona mbele huku ndani mkiwa na unga mweupe laini. Geuza pakiti usome nyuzinyuzi kwa gramu 100: zikiwa 6 au 7, sawa, zikiwa 3, unga huo umekobolewa nusu. Pasipo jedwali, pitisha vijiko vichache kwenye chekecheo la chai. Yasipobaki makapi ya kahawia, umelipia sembe. (Wapo pia wanaonunua dona zuri kisha wakalichekecha nyumbani ili ugali uwe mweupe. Pumba wanampa kuku, kuku ananufaika.)

Mtama na ulezi vinafaa kuchanganywa na dona, robo kwa robo tatu. Mtama ukizidi nusu, ugali unakatika na familia inaugomea. Wengi hapo huongeza unga wa muhogo ili ushikane, na ndipo wanapoharibu: muhogo mkavu ni wanga karibu mtupu, nyuzinyuzi na protini ni kidogo sana.

Unga wa lishe hatuupendekezi kabisa kwa matumizi haya, hata pakiti ikiwa na picha ya mzee mwenye afya. Ule mchanganyiko wa mahindi, mchele, ulezi, soya na karanga ulikusudiwa mtoto anayehitaji kuongezeka uzito. Ukisagwa laini ukapikwa uji mwepesi, hausubiri kutafunwa. Unapita tumboni upesi na sukari inaruka, hata kama hukutia sukari wala asali.

Sasa kusonga. Kwa watu wawili tumia kikombe kimoja cha unga (gramu 125 hivi) na maji mililita 300. Pumba hunywa maji, kwa hiyo kipimo cha sembe kitakupa ugali mkavu. Koroga vijiko viwili vya unga kwa maji baridi kidogo kutoka kwenye hayo 300, mimina kwenye maji yanayochemka, uache uji utokote dakika nne. Punguza moto, tia unga uliobaki kidogo kidogo, usonge dakika saba au nane. Ukiumwaga wote kwa pamoja utapata madonge yenye unga mbichi katikati. Kila mmoja atapata wanga gramu 45 hivi. Ugali huo ujaze robo ya sahani tu. Robo nyingine iwe samaki, dagaa au maharage, na nusu iwe mchicha, matembele au kabichi, kwa kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima. Maharage nayo yana wanga, kwa hiyo siku yakiwepo punguza tonge.

Kama una glukomita (kipima sukari ya damu), pima kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza. Watu wazima wengi hulenga chini ya 10 mmol/L baada ya kula, ila daktari wako anaweza kukupa shabaha tofauti. Anayetumia insulini au glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) asipunguze ugali ghafla bila kuzungumza naye, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa sahani kubwa inaweza kushusha sukari yake chini ya 4 mmol/L. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, anywe mara moja maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15.