Himaya ya Nyota kwa Laptopu ya Ex-UK: Ununue Gemu Ipi Kwanza?

Punguzo la Desemba likianza tu, simu yangu hujaa swali moja: "Ile gemu ya kujenga himaya angani, ninunue ipi?" Wanaouliza ni vijana wa Kondele na Nyalenda hapa Kisumu, na binamu yangu mmoja wa Nakuru. Wameona video ya meli mia zikichomana kwa leza na tayari wametia pesa kwenye M-Pesa. Nami huwauliza: laptopu yako ina RAM kiasi gani, na stima ikipotea betri inakaa dakika ngapi? Hapo wengi hunyamaza.

Kwa mgeni, hizi ni zile gemu unazoanza na sayari moja, unatuma meli kupeleleza, unajitanua, unavuna mali, kisha unawaondoa jirani au wanakuondoa. Jamii hii huitwa 4X, jina lililotokana na Alan Emrich, Mmarekani aliyeandika kuhusu gemu ya Master of Orion mwaka 1993 na kuipa alama ya X nne, kwa kuwa kazi hizo nne kwa Kiingereza (explore, expand, exploit, exterminate) zote zina mlio wa X.

Ugonjwa wa jamii hii yote ni ule wa aliye nacho kuongezewa. Mwenye sayari tano hutafiti upesi kuliko mwenye tatu, utafiti unampa meli bora, na meli zinamletea sayari ya sita. Ni kama pale soko la Kibuye: aliyepata marobota mawili ya mitumba msimu huu atachukua manne msimu ujao, na wa robota moja atabaki pale pale. Ikifika zamu ya 120 wewe umeshajua umeshinda, lakini gemu haijui. Inakutaka ubofye jioni tatu zaidi ukizoa masalia. Wazee wa ajua, ule mchezo wa bao, wana adabu kuliko kompyuta: kete zikishahamia upande mmoja, mtu hucheka, huzizoa na kuzipanga upya.

Kwa hiyo orodha hii haifuati uzuri wa picha. Nimepima kwanza gemu inamfanyia nini anayeongoza. Nimepima pia kama mataifa yake yanachezeka kwa njia tofauti kweli au yametofautiana rangi tu, na kama itatembea kwenye ile ThinkPad au EliteBook ya ex-UK, yaani mtumba wa kutoka Uingereza, yenye RAM ya GB 8 ambayo ndiyo wengi wetu tunayo.

Kabla ya shilingi kutoka

Pakua FreeOrion. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, ni ya zamu (unacheza yako, kisha wengine yao), na inakubali Windows, Mac na Linux. Kuna pia Remnants of the Precursors, nayo ya bure, iliyoundwa upya kwa kufuata ile Master of Orion ya kwanza. Cheza wikendi mbili. Ukigundua kwamba kuchagua utafiti kunakuchosha na ulichotaka ni kuona milipuko, umeokoa pesa zako, na gemu zilizo hapa chini si zako isipokuwa ya nne.

1. Master of Orion 1 na 2

Najua nitachekwa. Gemu ya 1993 na nyingine ya 1996, namba moja? Ndiyo, na kwa mbali. GOG, duka la gemu la mtandaoni, huziuza kwa pamoja kwa bei ndogo, ukishapakua huhitaji tena bando ili kucheza, na laptopu yoyote iliyo hai inaziendesha bila feni kulia. Ni za zamu, hivyo stima ikipotea unapoteza zamu moja au mbili.

Ile ya kwanza ina siri ambayo gemu nyingi za leo zimeisahau: si kila teknolojia inapatikana katika kila mchezo. Mti wa utafiti huchanganywa upya, kwa hiyo huwezi kukariri njia moja ya ushindi na kuirudia kama sala. Leo umekosa silaha fulani, basi itabidi uibe kwa majasusi au ubadilishane na jirani usiyempenda. Pia kuna Baraza Kuu, ambalo humtangaza mshindi anayepata theluthi mbili za kura. Hiyo ndiyo dawa ya zile jioni tatu za kuzoa masalia: ukiwa mkubwa vya kutosha, kura inamaliza kazi. Na ukiwa mkubwa huku kila mtu anakuchukia, kura hiyo hiyo inampa mwingine ushindi.

Ya pili ndiyo ya kubishania usiku kucha. Unaunda taifa lako kwa pointi 10, na unaweza kujiongezea hadi 10 nyingine kwa kukubali udhaifu. Sifa ya ubunifu inagharimu 8. Taifa la kawaida huchagua teknolojia moja tu katika kila ngazi na kuziacha nyingine, lakini mbunifu huzipata zote. Wageni wote huikimbilia, na nawaelewa, kwa sababu kuacha kitu mezani kunauma. Lakini hesabu vizuri. Pointi 6 zinakununulia serikali ya umoja, ambayo huongeza uzalishaji tangu siku ya kwanza, au uwezo wa kusoma akili, ambao hukuruhusu kuteka koloni kwa kuleta meli ya ukubwa wa kruza juu yake, bila kushusha askari hata mmoja. Mbunifu anapojenga maabara yake, mwenye umoja ameshajenga meli. Nimepigwa hivyo na binamu yangu mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika hapa.

Kitu kingine: ya pili inachezwa na watu wawili kwenye laptopu moja, kila mmoja akikaa kwa zamu yake huku mwenzake akigeukia ukuta. Ile ya kwanza ni ya mtu mmoja tu. Usichanganye hizi na ya tatu, iliyotoka mwaka 2003. Hiyo hata kwa punguzo iache.

2. Stellaris

Hii ndiyo waliyoiona kwenye video. Ilitengenezwa na Paradox ya Uswidi na kutoka Mei 2016. Saa hutembea yenyewe lakini unaweza kuisimamisha wakati wowote, na hilo ni jambo la heshima kwa mtu anayeitwa jikoni kila baada ya dakika kumi.

Kwa upande wa mizani, hakuna iliyohangaika zaidi. Mwanzoni kila himaya ilichagua moja kati ya njia tatu za kusafiri kati ya nyota, na mpaka ulikuwa mchoro tu, maana adui aliibuka popote. Februari 2018 wakafuta uchaguzi huo: wote wanaanza kwa njia zilizochorwa kati ya nyota na nyota. Ghafla ngome ikawa na maana. Anayejua barabara ya kutoka Nakuru ataelewa mara moja: ukishika Mau Summit, wa Kisumu na wa Eldoret wote wanapitia mbele ya mlango wako. Tafuta Mau Summit yako mapema, jenga kituo hapo, kisha lala.

Silaha nazo zina mantiki ya kukabana. Mizinga ya risasi hubomoa ngao, leza hula deraya, makombora huzipita ngao lakini hutunguliwa na bunduki za ulinzi. Meli ndogo hukwepa, kubwa hupiga mbali. Hakuna muundo mmoja wa kudumu. Jirani akijaza leza, wewe punguza deraya uongeze ngao, naye akigundua atabadilisha. Anayepoteza vita hapa mara nyingi si mwenye meli chache, ni yule ambaye hakuchungulia meli za mwenzake.

Na yule anayeongoza? Ukubwa wa himaya hupandisha gharama ya utafiti, lakini huo ni ushuru wa barabarani tu, tajiri hulipa na kupita. Dawa kali ni janga la mwisho. Mchezo huanza mwaka 2200, na kwa mpangilio wa kawaida kuanzia 2400 kitu kibaya kinaweza kuingia kwenye galaksi: wadudu kutoka nje, viumbe wa ulimwengu mwingine, au mashine zilizoamka. Wote mlioshindana miaka 200 mnajikuta upande mmoja. Nguvu ya janga unaichagua mwenyewe kabla ya kuanza. Ugumu nao unaweza kuupanga uongezeke polepole kadiri miaka inavyosonga. Fanya hivyo, kwa sababu kompyuta hapa haiwi na akili zaidi kwenye ngazi za juu, inapewa tu mali ya ziada, na kupewa yote mwanzoni humvunja mgeni moyo.

Sasa ubaya wake. Galaksi ikijaa watu, mchezo hukwama, na hapo ndipo laptopu zetu hulia. Chagua galaksi ya nyota 200, iliyo ndogo kuliko zote, na upunguze sayari zinazokalika. Kisumu saa nane mchana usijaribu kabisa. Mimi huinua laptopu kwa vizibo vinne vya soda ili feni ipate hewa, na hucheza usiku. Binamu yangu, kwa baridi ile ya Nakuru, mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, hana habari na shida hizi.

Ubaya wa pili ni nyongeza zinazouzwa kando. Zikijumlishwa zinazidi bei ya gemu yenyewe mara kadhaa. Nunua gemu tupu, uicheze miezi miwili, kisha kama lazima anza na Utopia, ambayo huleta ujenzi wa majengo makubwa kama pete inayozunguka nyota. Mkicheza kundi, nyongeza za mwenyeji hutumika na wote waliojiunga, hivyo changeni anunue mmoja. Mchague asiyehamahama.

3. Endless Space 2

Ya Amplitude wa Paris, mwaka 2017, ya zamu. Ukitaka mataifa yaliyotofautiana kweli, anza hapa. Cravers hula sayari wanayokaa hadi iishe, kwa hiyo kwao kujitanua si tamaa, ni njaa. Vodyani hawakai kwenye sayari bali ndani ya safina zao. Unfallen hutandaza mimea inayotambaa kutoka nyota hadi nyota. Lumeris hununua makazi kwa pesa, na huyo ndiye ninayempa mtu aliyekulia dukani. Kila mmoja anakulazimisha ufikiri upya.

Mbona basi iko ya tatu? Kwa sababu vita unachagua kadi ya mbinu kisha unakaa kutazama, na baada ya vita ya ishirini utakuwa unairuka. Pia Cravers wakipata nafasi mwanzoni ni vigumu kuwazuia, na mchezo wa watu wanne ukiwa na mmoja wao huwa ni watatu dhidi ya mmoja, mtake msitake. Picha na muziki, lakini, sijaona mfano wake.

4. Sins of a Solar Empire: Rebellion

Hii ya mwaka 2012 ni ya papo kwa papo, hakuna zamu. Inunue kama una marafiki watatu na intaneti isiyoyumba, au kama ulitaka milipuko. Peke yako itakuchosha. Stima ikipotea katikati ya vita na betri yako ni ya kuombea, wenzako hawatakungoja.

5. Galactic Civilizations III

Nzuri, ya zamu, imekamilika, na haijawahi kunifanya nikeshe. Inahitaji Windows ya biti 64. Kama una zile nne juu na bado una njaa, haya.

Zile za simu zinazojiita za bure sikuziorodhesha makusudi. Palipo na kitufe cha kununua kasi, mizani imeshauzwa.

Kulipa

Kadi ya GlobalPay ya M-Pesa inatosha. Huna haja ya akaunti ya benki. Steam, duka jingine la gemu la mtandaoni, hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza saa 2. Kwa gemu hizi saa 2 ni mafunzo tu, na Stellaris haianzi kukwama mpaka miaka mia mbili baadaye. Kwa hiyo omba mwenzako mwenye toleo lile lile na asiyetumia nyongeza akutumie faili ya mchezo wake uliofika mwaka 2400, uifungue katika nusu saa ya kwanza, uache saa itembee kwa kasi ya juu. Mwezi mmoja wa ndani ya gemu ukichukua muda wa kutosha kuchemsha chai, rudisha, ununue namba moja.