Bustani ya Mimea, Posta: uzoefu wangu kwa anayetaka kutuliza akili

Naipa nyota nne kati ya tano. Kwa anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, hapa karibu na Makumbusho ya Taifa ndipo ninapopaamini zaidi kwa kupumzisha kichwa. Bustani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na umri huo ndio ubora wake: miti imekomaa na kivuli chake ni kizito. Kwa joto la Dar, nyasi zilizofyekwa vizuri lakini ziko juani hazisaidii kitu. Mwili ukihangaika na jasho, akili nayo haitulii. Watu wa mipango miji wangelizingatia hili kabla ya kukata miti mikubwa na kupanda miche ya mapambo.

Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulipima kwenye mate homoni ya msongo iitwayo kotisoli, na ndani ya muda huo ndipo iliposhuka kwa kasi zaidi. Ila washiriki walikatazwa simu, kusoma, mazungumzo na mazoezi mazito. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mtu yuko chini ya mti, macho yako WhatsApp, kisha analalamika kwamba bustani haijamfaa. Zima data, simu iingie mfukoni (ni salama zaidi pia), kaa upande ulio mbali na barabara ili honi zisikufuate, halafu tazama tu matawi na ndege. Ukikosa benchi kavu, kanga moja inatosha kutandika.

Nyota moja naikata kwa sababu ya mbu, hasa masika, Machi hadi Mei. Mbu wa dengi huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni, na Dar imeshapata milipuko ya ugonjwa huo, ukiwemo wa 2019. Vaa mikono mirefu, paka dawa ya mbu, usikae penye maji yaliyotuama.

Kama huzuni au kukosa usingizi kumezidi wiki mbili, bustani peke yake haitoshi. Nenda ukaonane na wataalamu wa afya ya akili, hospitali ya Muhimbili wapo.

Kwa mkazi wa Mbagala au Gongo la Mboto asiye na shughuli mjini, siishauri safari hii siku za kazi. Foleni ya kurudi itarudisha msongo wote. Tafuta mwembe au mwarobaini mkubwa hapo mtaani, ukae dakika zilezile, simu ikiwa imezimwa vilevile.