Lenzi ya 50 na ya 85 mbele ya Jiwe la Bismarck: uzoefu wangu

Mwaka jana niliwaambia wapigapicha wenzangu wa hapa Mwanza kwamba kwa picha za watu, lenzi ya milimita 85 inaiacha mbali ya 50 (milimita zikiwa nyingi, lenzi inavuta vitu karibu na kuona eneo dogo zaidi). Nikawaonyesha na picha za ushahidi. Mmoja wao akauza 50 yake ili ajazie hela ya 85. Sasa nimelirudia jaribio lile kwa utaratibu, na naona nina deni la kuwaeleza. Picha nilizowaonyesha zilikuwa za kweli, ila ulinganisho wenyewe haukuwa wa haki.

Lenzi ni Canon EF 50mm f/1.8 STM, ile ndogo ya gramu 160 iliyotoka mwaka 2015, na Canon EF 85mm f/1.8 USM ya tangu 1992, yenye gramu 425. Ya 50 ni yangu, huu mwaka wa nne. Ya 85 niliazima kwa rafiki. Kamera ni moja, Canon 6D, yenye sensa kubwa (kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga) ya milimita 24 kwa 36 na megapikseli 20.

Nianze na makosa yangu. Ile 50 ilikuwa na filta ya bei ya chini niliyoifunga kulinda kioo, na haikuwa na hudi, kile kikinga jua kinachofungwa mbele ya lenzi. Ile 85 ilikuja na hudi, bila filta. Hapa mjini jua linazama upande wa ziwa, kwa hiyo ukimweka mtu ufukweni na maji nyuma yake, jioni jua linakupiga usoni mwa lenzi. Filta ikatawanya mwanga, ngozi ya dada niliyekuwa nampiga ikapauka kama ya mtu aliyetoka kuoga asijipake mafuta, mimi nikahukumu kwamba 50 haiwezi jua. Tena 50 nilianza nayo saa kumi na moja jua likiwa bado kali, 85 nikaifunga saa kumi na mbili na nusu, mwanga umeshageuka dhahabu. Hapo hata chupa ya soda ingetoa picha nzuri.

Kubwa kuliko yote ni umbali. Nilitaka uso ujae kwenye fremu, kwa hiyo nikiwa na 50 nilimsogelea dada yule hadi karibu kumgusa. Alipoiona picha akaniuliza, "Kaka, mbona pua yangu imekuwa hivi?" Nikamjibu ni lenzi.

Haikuwa lenzi. Chukua kamera, isimamishe sentimita 60 kutoka puani mwa mtu. Masikio yake yako kama sentimita 12 nyuma ya pua, yaani moja ya tano ya umbali wote, kwa hiyo pua inajitokeza na masikio yanarudi nyuma. Rudi hadi mita mbili na nusu, zile sentimita 12 zinakuwa si kitu, uso unatulia. Mahali uliposimama ndipo panapoamua sura ya uso. Lenzi inaamua tu ukate kipande gani cha kile kinachoonekana kutokea hapo.

Safari hii tulikwenda ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu linalochomoza majini hapa mjini, likiwa nyuma. Aliyekubali kukaa ni mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, kwa sharti kwamba nimsafishie picha moja kubwa ya kutundika sebuleni. Mdogo wangu alishika futi ya fundi cherehani. Futi ile ina sentimita 150, na ndio umbali niliouchagua kwa 50, mama akionekana kichwa hadi kiunoni. Ukigawa 85 kwa 50 unapata 1.7, kwa hiyo kwa 85 nilirudi mita 2.55 ili mama ajae fremu vilevile. Filta nikaitoa. Hudi nikaweka kwenye zote mbili. Mizani ya rangi, shata (muda wa kuingiza mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kuupokea) nikavifunga kwa mkono, maana ukiiachia kamera ichague yenyewe, kila fremu itakuja na rangi yake na utaisifia lenzi kwa kazi isiyo yake.

Mwanga ndio ulionipa taabu. Huku karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na ule mwanga laini wa mwisho haukusubiri ubadilishe lenzi kwa starehe. Nilipiga kwa mpangilio wa 50, 85, 85, 50, ili kupungua kwa mwanga kuziumize zote sawasawa. Kila nikibadilisha lenzi niliinamisha kamera mdomo chini, kwa sababu upepo wa ziwani unabeba mchanga. Na nilimwomba mama asitazame kamera. "Mama, wewe angalia kivuko tu." Mtu akianza kuzoea anatabasamu, na picha yenye tabasamu itashinda hata kama lenzi yake imejaa ukungu.

Majibu sasa. Kwenye pindo la mtandio wake, pembeni kabisa mwa jicho, vilikuwa vimenata vigamba viwili vya dagaa. Sikuwa nimeviona pale ufukweni. Nyumbani kwenye kompyuta ndivyo vilivyokuwa kipimo changu cha ukali. Kwenye f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, 85 ilivionyesha kila kimoja na mng'ao wake, 50 ilivizungushia ukungu mwembamba. Kwenye f/2.8, tundu likiwa limefungwa kidogo, nimevikuza hadi mwisho na nimeshindwa kusema kipi ni cha lenzi ipi. Kope vilevile. Rangi ya ngozi, ule weusi wenye wekundu kwa mbali ambao jua la jioni huutoa, sikuona tofauti ya kuilipia hela.

Nyuma ndiko tofauti ilikokuwa, lakini si ile niliyokuwa nikiihubiri. Nilikuwa nasema 85 inayeyusha nyuma zaidi. Tundu lake kwa f/1.8 lina upana wa karibu milimita 47, la 50 karibu 28, kwa hiyo ukungu kweli ni mkubwa zaidi kwenye fremu. Lakini 85 pia inalivuta jiwe karibu, linakuwa kubwa kwa kiasi hichohicho cha 1.7. Kwenye picha zote mbili jiwe lilitambulika sawasawa. Kwa 50 lilisimama dogo pembeni, na mitumbwi na watu waliokaa ufukweni wakaingia. Kwa 85 jiwe likajaa nyuma ya bega la mama na vurugu zote zikabaki nje. Hiyo ndiyo faida yake halisi, na ni faida kubwa mjini kwetu, ambako ni nadra kupata nyuma kutupu.

Halafu nikapiga jozi ya mwisho: lenzi zote mbili kutoka mita 2.55, ile ya 50 nikaikata hadi fremu zilingane. Ukikata hivyo megapikseli 20 zinabaki kama 7, zinatosha picha ya inchi 8 kwa 10. Nikazisafisha zote, nyuma nikaandika alama kwa penseli, nikawapelekea kina dada wa saluni jirani na studio yangu. Wao kazi yao ni nyuso kutwa nzima. Kwenye jozi za fremu sawa walichagua zaidi za 85, na kila nilipouliza kwa nini waliniambia habari ya jiwe, hakuna aliyetaja uso. Kwenye ile jozi ya mwisho walibishana, mmoja akasema, "Kaka, hizi si umeprinti moja mara mbili?"

Kwa hiyo kama unapiga studio za mtaani, zile za vyumba vidogo, usiuze 50 yako. Changu kina mita tatu. Kiti, pazia, mimi na mita 2.55 havienei humo. Na kama kamera yako ni Canon ya sensa ndogo, 50 inakupa upana wa picha kama wa lenzi ya 80, tayari umesharudi nyuma ya kutosha bila kununua kitu.

Mimi 85 nimeinunua, iliyokwisha tumika, kwa ajili ya harusi za ufukweni. Pale nje nina nafasi ya kurudi, na nimeona maharusi hulegea mabega nikiwa mbali nao kidogo. Siipigi wazi kwenye shela jeupe linalopigwa na jua kwa nyuma: lenzi nyingi zenye tundu kubwa, 50 ikiwemo, huacha ukingo wa zambarau hapo. Ninafunga hadi f/2.8, hudi haitoki. Yule mwenzangu aliyeuza 50 yake nimemwachia ya kwangu siku anazokuwa na kazi ya ndani.