Ile kliniki yetu ya Kondele, Kisumu, tangu hospitali kubwa iinunue

Mathe nampeleka hapo tangu enzi za daktari mzee, benchi mbili na feni moja, so nilipoona wanapaka rangi na kubandika bango la hospitali kubwa ya taoni (ya praiveti, si Russia ile ya serikali) nikajua basi, bei inapanda. Na enyewe imepanda, kumwona dokta ilikuwa 500 sasa ni 800.

Lakini mathe ana sukari. Zamani ile damu inayoonyesha sukari ya miezi mitatu hawakuwa wanapima, unaandikiwa karatasi unapanda matatu hadi taoni unapanga laini unafungua faili upya, unaulizwa anameza dawa gani na yeye anajua tu ni ile nyeupe kubwa. Siku hizi damu inatolewa hapo hapo, inaingia kwa kasanduku ka barafu, kijana wa boda anaipitia saa nne anaipeleka kwa mashine ya taoni, jioni meseji iko kwa simu yangu. Daktari mzee angenunua mashine kama hiyo na nini, kama wagonjwa wa kuitumia ni wawili kwa siku? Ikiwekwa moja taoni na kliniki zote zinaitumia, hapo inajilipa. Hata dawa, haziishi ovyo, tawi moja likikosa linaletewa na lingine.

Mwezi wa tatu usiku miguu ikamvimba, ambulensi yao ikamchukua, tukifika kule dokta wa zamu ameshafungua faili yake kwa kompyuta, anamuuliza, "Mama, figo Novemba zilikuwa sawa, uvimbe umeanza lini?" Walai sikuamini. Hakuna kurudia vipimo vya jana ndio walipwe mara mbili.

Sasa ubaya. Sista aliyekuwa anamuita mathe nyar Alego (binti wa Alego, kwao) wamemhamisha, mathe hadi leo ananuna. Sistemu ikilala kila kitu kinalala, kuna siku tulikaa kutoka saa mbili hadi saa tano na hakuna mtu anataka kuandika risiti na kalamu. Na kitu kinaniogopesha ni kwamba kliniki za praiveti mtaani zilikuwa tatu, hawa wamenunua mbili, wakipandisha hiyo 800 tena tutakimbilia wapi?

Nawapa nyota nne. Kama unaenda kutoa damu fika mapema, boda akishaondoka hiyo ni ya kesho.