Mizani ya mfukoni ya gramu 500: inatosha kukadiria dhahabu iliyo ndani ya jiwe?

Ukipita Luthuli au River Road hapa Nairobi utazikuta kwenye kila kabati la kioo: mizani ndogo za kidijitali zenye kifuniko, zinazobeba hadi gramu 500 na kusoma kwa hatua ya gramu 0.01. Bei iko chini ya shilingi elfu mbili, na kuna nafasi ya kubembeleza. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu. Mtu ana jiwe jeupe la kwatsi kutoka Migori, Kakamega au Lolgorien, dhahabu inaonekana kwa macho, hataki kulivunja kwa sababu jiwe zima huenda likapata bei nzuri kwa wakusanyaji, na anataka kujua limebeba gramu ngapi.

Mizani inatosha. Ikikosea, mara nyingi kosa limetoka kwa jiwe au kwa namna lilivyozamishwa.

Hesabu yenyewe ni ya kale. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, ya kwatsi ina 2.65. Ukijua uzito wa jiwe na ujazo wake, toa uzito ambao ujazo huo ungekuwa nao kama ungekuwa kwatsi tupu, kisha zidisha kinachobaki kwa 1.159. Kizidishi hicho kipo kwa sababu dhahabu imekalia nafasi ambayo ingekuwa ya kwatsi. Uzito ni rahisi kuupata. Ujazo ndio kazi, kwa kuwa unapimwa kwa maji, gramu moja ya maji ikiwa sentimita moja ya ujazo, na hapo ndipo mizani ya kuning'iniza kama ya bucha, inayoruka kwa gramu 5 au 10, inapofeli: kosa la gramu 5 kwenye ujazo linazaa kosa la gramu 15 za dhahabu. Kwa mizani hii ya mfukoni, kosa la 0.02 linaleta gramu 0.06 hivi. Tofauti ni kubwa mno.

Watu wengi hubonyeza kitufe cha sifuri kikombe cha maji kikiwa juu ya mizani, halafu wananing'iniza jiwe majini na kusoma ujazo moja kwa moja. Ni sawa kwa jiwe gumu lisilo na vinyweleo. Kwa kwatsi yenye mashimo ya kutu njia hiyo inadanganya, kwa sababu jiwe lililolowekwa linaingia kikombeni na maji yake, na mizani inayahesabu kama sehemu ya jiwe. Fanya hivi badala yake.

Lipime jiwe likiwa kavu kabisa. Liloweke usiku kucha ndani ya maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, na ulitikise mara kadhaa hadi viputo viache kutoka. Chukua chupa ya soda ya plastiki, ikate nusu, tia maji ya robo lita hivi, iweke juu ya mizani. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, lilaze chini kabisa ya maji na uzi ukiwa umelegea. Andika namba unayoona. Sasa pitisha uzi juu ya rula iliyolazwa kwenye mikebe miwili ya Kimbo, kila mmoja upande wake wa mizani, vuta jiwe lipande sentimita moja likiwa bado limefunikwa na maji, kisha ubane uzi kwenye rula kwa kibanio cha nguo. Usilishike kwa mkono. Mkono unatetemeka na namba mbili za mwisho hazitatulia kamwe. Andika namba ya pili. Tofauti ya hizo mbili ni uzito wa jiwe ndani ya maji.

Tuchukue jiwe la gramu 182.40. Likilala chini ya kikombe mizani inasoma 447.85, likiinuliwa inasoma 326.65. Tofauti ni 121.20, kwa hiyo ujazo ni 182.40 kutoa 121.20, yaani sentimita za ujazo 61.20. Kwatsi ya ujazo huo ingekuwa na gramu 162.18. Ziada ni 20.22, na ukizidisha kwa 1.159 unapata gramu 23.4 za dhahabu.

Njia hii ina faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi, kwa kuwa hawaijui: haitumii kitufe cha sifuri hata kidogo. Mizani nyingi za aina hii hujizima zenyewe baada ya dakika moja hivi, na ikijizima imesahau sifuri yako, unaanza upya. Tena zina tabia ya kujisahihisha polepole zikiwa karibu na sifuri, hivyo ukiongeza uzito kidogo kidogo zinaumeza bila kuonyesha. Ukisoma namba mbili kubwa na kutoa, ujanja huo haukugusi.

Kumbuka gramu 500 ni pamoja na kikombe, maji na jiwe. Jiwe la gramu 230 tayari linakubana. Ukizidisha, skrini inaandika alama ya kulemewa, na ukiendelea kubandika, kile kijipande cha chuma cha ndani kinapinda na mizani haitarudi kwenye ukweli tena. Kwa mawe makubwa nunua ya kilo 2 inayosoma 0.1. Ile nyingine ya gramu 50 inayosoma 0.001 waachie wauza vito.

Jambo moja ambalo halipaswi kukusumbua: mvutano wa dunia hapa Nairobi ni kama 9.78, Ulaya ni 9.81, kwa hiyo mizani iliyorekebishwa huko inasoma pungufu kwa asilimia 0.3 hivi. Uzito na ujazo vinapungua kwa kiwango kilekile, na gramu 23.4 zinakuwa 23.3. Ukitaka kuiondoa hata hiyo, nunua jiwe la mizani la gramu 200 na uirekebishe nyumbani, juu ya meza isiyoyumba, feni ikiwa imezimwa.

Sasa tuje kwenye jiwe, maana huko ndiko pesa zinakopotea.

Hesabu yote inaamini kwamba ndani kuna vitu viwili tu, kwatsi na dhahabu. Mawe ya Migori mara nyingi yana kipande cha mwamba wa kijani uliozunguka mshipa, na mwamba huo una densiti (gramu kwa kila sentimita ya ujazo) ya 2.9 hivi. Gramu 100 za mwamba huo, bila punje moja ya dhahabu, zitakupa kwenye karatasi karibu gramu 10 za dhahabu. Pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, ni mbaya zaidi: densiti yake ni 5, na gramu 20 zake zilizojificha katikati ya jiwe zinajifanya gramu 11 za dhahabu. Galena, madini ya risasi yenye 7.5, ndiyo baba yao. Lile jiwe letu la mfano lina densiti ya 2.98. Densiti hiyo inaweza kuwa dhahabu ya gramu 23, na inaweza kuwa mwamba wa kijani wenye pairaiti kidogo na vumbi la dhahabu usoni. Mizani haiwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo mawili. Ni lenzi na macho yako, na kuuliza kwa nini jiwe lina madoa ya kutu, kwa sababu kutu mara nyingi ni pairaiti iliyooza.

Dawa inayosaidia ni kupata kipande kitupu kutoka mshipa uleule na kukipima kwa njia ileile. Kikitoa 2.63, tumia 2.63 badala ya 2.65. Kwa jiwe letu tofauti hiyo ndogo peke yake inahamisha jibu kwa gramu 1.4. Kikitoa 2.80, achana na hesabu hii.

Kuna na makosa ya upande wa pili. Kiputo cha nusu sentimita ya ujazo kilichobaki kwenye ufa kinaongeza ujazo na kula gramu 1.5 za dhahabu. Ukipata jibu hasi, ujue ni hewa au kuna madini mepesi kuliko kwatsi, wala usiirudishe mizani dukani. Pia dhahabu ya ardhini haiwi safi. Huwa na fedha ndani yake. Ikiwa na asilimia 15 za fedha, densiti yake ni 17.1, kizidishi kinakuwa 1.183, na ile ziada ya 20.22 inatoa gramu 23.9 za mchanganyiko ambamo dhahabu halisi ni 20.3. Mnunuzi atalipia hizo 20.3, kwa hiyo usiingie kwenye mazungumzo na 23.4 mdomoni.

Kwa mawe yasiyoonyesha dhahabu kwa macho usijisumbue. Kwatsi ya gramu 200 kutoka mwamba mzuri wa gramu 10 kwa tani imebeba gramu 0.002, hakuna kuzamisha kutakakoiona. Hapo saga kilo 10, osha kwenye karai, kausha, upime kilichobaki: kwa mwamba huohuo tarajia gramu 0.1 ukiosha bila kupoteza, na kiasi hicho mizani hii inakisoma, kwa shaka ya 0.02. Au peleka unga maabara, kama ile ya wizara iliyo Madini House, Industrial Area, wakujibu kwa gramu kwa tani. Na usikubali mtu akisie jiwe zima kwa ile bunduki ya eksrei ya maduka ya dhahabu; inasoma ngozi ya juu tu, na ukiielekeza kwenye doa la dhahabu itasema jiwe lote ni dhahabu.

Kabla ya kulipa, jaribu dukani. Pima simu yako, pima funguo, kisha vipime pamoja. Jumla ikitofautiana kwa zaidi ya 0.03, omba nyingine. Weka sarafu kwenye kila pembe ya sahani, namba isibadilike. Iache na sarafu kwa nusu dakika uone kama inapanda yenyewe. Na badilisha betri zilizokuja nayo, maana hizo ndizo huanza kuitia wazimu wiki ya kwanza.