Nyuzi za besi za kununua ukipiga muziki Malindi

Kati ya nyuzi za gitaa la besi, namba moja kwangu leo ni nyuzi bapa. Zamani nisingezigusa. Nilipoanza nilipenda mlio mkali wa chuma, ule ambao John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, aliutafuta pamoja na kiwanda cha nyuzi cha Rotosound huko Uingereza miaka ya 1960. Lakini hapa kwetu kuna upepo wa bahari na joto la kaskazi. Nyuzi za kawaida zimezungushiwa waya wa mviringo, kwa hiyo zina mifereji. Jasho na ngozi ya vidole hujaa humo, na ukali wa mlio hufa mapema. Baada ya harusi moja tu, pitisha kitambaa cheupe kwenye uzi mnene uone weusi unaotoka.

Bapa huzungushiwa utepe, ni laini mwanzo hadi mwisho. Mlio wake ni mzito, mfupi, una kifua. Kwenye chakacha hukaa chini pamoja na vumi bila kumkanyaga mpiga kinanda, na kwa taarabu sioni mpinzani wake. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alitumia bapa za kampuni ya La Bella na hakupenda kuzibadilisha mpaka zikatike. Bei yake hukaribia mara mbili ya nyuzi za kawaida. Toa tu, zitakukalia miaka.

Ukipiga mahotelini, ambako wageni huomba kila aina ya wimbo, chukua namba mbili: zilizopakwa utando, kama za kampuni ya Elixir. Utando huzuia jasho lisipenye. Ukianza kuchunika pale unapodonoa, jua muda wake umekaribia.

Tatu ni nyuzi za nikeli. Nafuu, mlio wa wastani, nzuri ukiwa na kazi ya studio wiki hiyohiyo.

Nyuzi za chuma kisichoshika kutu naziweka mwisho, ingawa chumvi haiziwezi kirahisi. Ni ngumu, zinakula freti (vile vyuma vya kukata shingo), na kubadilisha freti ni gharama kubwa kuliko nyuzi zenyewe.

Kabla hujalipa, hakikisha seti ni ya urefu wa besi yako, yaani sehemu ya uzi inayolia, kutoka mwisho wa shingo hadi daraja. Nyingi ni za inchi 34. Unene wa 45 hadi 105, kwa sehemu za elfu za inchi, ndio uliozoeleka. Bapa nyingi huvuta shingo zaidi, basi fundi airekebishe. Na wakati wa kufunga, kunja uzi kwanza pembe kali, ndipo ukate mbele ya mkunjo. Ukiukata ukiwa umenyooka, utepe hulegea na mlio unakufa.